Mdogo wangu anataka tusubiri kompyuta ambayo haijatoka

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msomaji wako wa hapa Mbeya, mama wa watoto wawili. Nina steshenari Mwanjelwa, mlango mmoja tu. Tunatoa kopi, tunachapa, tunaprinti picha za paspoti, na Januari hii kama unavyojua ni fomu za kujiunga kidato cha kwanza kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia. Nyuma ya pazia, kwenye kachumba nilikokuwa naweka maboksi ya karatasi, ndiko anakofanyia kazi mdogo wangu wa kiume. Yeye ni mtu wa video: harusi, sendofu, kipaimara, hata misiba. Steshenari inalipa pango na inatulisha. Ada za watoto zinatoka kwenye harusi.

Tatizo letu ni kompyuta. Tuna Dell moja ya mezani, mtumba, i5 ya kizazi cha nne, RAM 8. Desemba tulipata harusi ya Uyole, mdogo wangu akarekodi yote kwa 4K, video ya ubora wa juu sana, kama alivyoahidi. Siku ya kutoa kazi aliiweka irende, yaani kompyuta itoe video nzima iliyokamilika, saa mbili usiku, akajifunika blanketi, akalala palepale kwenye kiti. Saa kumi alfajiri ikiwa asilimia tisini na saba, umeme ukakatika. Alinipigia simu analia, Mjomba, kijana wa miaka ishirini na sita. Tukaanza upya, bibi harusi akasubiri siku tatu nyingine, na shangazi yake akaja dukani kunisema mbele za wateja.

Desemba hiyohiyo tulivunja kikoba, nikapata mgawo wangu. Nikajumlisha na akiba, nina 2,400,000 mkononi. Nikamwambia mdogo wangu atafute mashine tununue. Ugomvi ukaanzia hapo.

Kariakoo kuna winga ana Mac mini, ile kompyuta ndogo ya mezani ya Apple, yenye chipu ya M4, mpya kwenye boksi, RAM 16, diski 256, anataka 2,050,000. Hapa Kabwe kuna jamaa ana Dell nyingine ya mtumba, i5 kizazi cha nane, RAM 16, SSD 512, kwa 780,000. Mimi roho yangu iko Kabwe: naiona kwa macho, na ikisumbua najua pa kwenda. Mdogo wangu hataki hii wala ile. Anasema tangu Oktoba 2025 chipu ya M5 ilipotoka kwenye kompyuta mpakato, mini yenye M5 iko njiani, na anayenunua M4 sasa hivi ni mjinga. Kila siku ana habari mpya. Jumatatu ananiambia bei itabaki dola 599. Jumatano itaanza na diski ya 512 kwa bei ileile. Ijumaa RAM imepanda dunia nzima, kwa hiyo bei itapanda. Nikamuuliza sasa itapanda au itabaki? Akanijibu, "Dada, mambo haya huyajui."

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Juzi nimegundua ametuma 100,000 kwa mtu wa Dar anayepokea oda za mapema za hiyo M5. Eti bei ya uzinduzi ni 1,600,000, unatanguliza 700,000, na laki ya kwanza ni ya kushikia nafasi. Sasa ananibana nitoe laki sita zilizobaki kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Nimekutumia picha ya boksi kama alivyotumiwa yeye.

Tuna harusi mbili na sendofu moja kabla ya Kwaresima, na harusi tatu za baada ya Pasaka zimeshatoa advansi. Harusi moja tunachukua 450,000. Mama anasema nimsikilize mdogo wangu kwa sababu kazi anaijua yeye. Mume wangu anasema hela ni yangu, niamue. Dada yetu mkubwa yuko Tabata, anaweza kwenda Kariakoo siku yoyote. Mimi chipu sizijui, najua daftari langu tu. Nisubiri au ninunue? Na kama ni kununua, ninunue ipi?

Mama Steshenari, Mwanjelwa

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu. Nianze na hiyo laki moja, maana mengine yote yanaweza kungoja kesho.

Picha yako nimeikuza mpaka ikawa mraba mraba. Hiyo ni mini ya 2024, M4 ileile aliyonayo winga wenu: mbele kuna matundu mawili ya USB-C na tundu la hedifoni. Kilichoongezwa ni maandishi "M5". Weupe wake si weupe wa boksi, na kingo za herufi zimekatika vizuri ilhali picha yenyewe ina ukungu wa simu. Mwambie mdogo wako aifungue kwenye programu anayotengenezea kadi za mwaliko, aitazame kwa asilimia mia nne. Yeye angeitengeneza kwa dakika tano, na angeitengeneza vizuri zaidi.

Ninapoandika haya, Januari 2026, Apple haijaitangaza hiyo mashine. Haina bei, haina tarehe. Sasa mtu wa Dar ameipata wapi bei ya uzinduzi, tena iliyo chini ya bei ya M4 inayouzwa leo Kariakoo? Laki sita usitume. Mtakeni arudishe laki moja, mwandikieni kwa meseji ili kuwe na maandishi, na meseji ya muamala msiifute. Akisema mtume elfu thelathini ya "kufungua marejesho", mazungumzo yameishia hapo. Pigeni huduma kwa wateja wa mtandao mliotumia kulipia, namba yake iripotini kwa kuituma kwenda 15040, kisha printini muamala mwende nao polisi. Printa mnayo. Laki kurudi itakuwa bahati, sitakuficha.

Sasa tuje kwenye kusubiri.

Mimi mwenyewe niliwahi kusubiri. Mwaka 2013 nilikuwa na karakana Mashine Tatu hapa Iringa, nikatamani mini ya toleo la 2012. Ilikuwepo yenye prosesa ya viini vinne, na kifuniko chake cha chini ulikuwa unakizungusha kwa vidole, unaongeza RAM mwenyewe bila kumwita mtu. Hela nilikuwa nayo. Nikasema ngoja, mpya haiwezi kukawia, itakuwa na nguvu zaidi na bei nafuu. Nikangoja mwaka mzima na zaidi. Oktoba 2014 ikatoka, na kweli bei ya kuanzia ikashuka kutoka dola 599 hadi 499. Nilishangilia kama mtu aliyefunga goli. Baadaye ndiyo nikasoma yaliyomo: viini vinne havipo tena, vimebaki viwili, na RAM imechomelewa kwenye bodi, huongezi kitu. Nikarudi kuitafuta ile ya 2012 yenye viini vinne, nikakuta wenye nazo wamejua thamani yake. Kosa lilikuwa langu. Nilihesabu bei ya kitu nisichokijua, nikasahau kuhesabu kazi zilizonipita karakanani wakati nangoja.

Usidhani huwa inakwenda hivyo kila mara, maana mdogo wako ana mifano yake na ni ya kweli. Tazama safari ya bei ya kuanzia ya mashine hiyohiyo huko Marekani. Mwaka 2005 ilipozaliwa ilikuwa dola 499. Baada ya ile ya 2014, watu wakakaa miaka minne bila toleo jipya, na 2018 ilipokuja ikawa dola 799, mia tatu juu. Mwaka 2020 ikaja ya M1 kwa 699. Januari 2023 ya M2 kwa 599. Oktoba 2024 hii M4, dola 599 zilezile, ila RAM ya kuanzia ikaongezwa mara mbili, kutoka 8 hadi 16, na umbo likapunguzwa hadi sentimita 12.7 kila upande. Aliyenunua M2 Septemba ya mwaka huo alijing'ata kidole, na asingekosea kujing'ata.

Kwa hiyo mtu akikuambia "huwa inashuka" au "huwa inapanda", ana mwaka mmoja wa kukuonyesha na anauficha mwingine. Hata mdogo wako aliyejichanganya Jumatatu na Ijumaa, siku zote mbili alikuwa na hoja. Ya Jumatatu: kompyuta mpakato ya M5 ilitoka kwa dola 1,599, sawa na iliyotangulia. Ya Ijumaa: mwishoni mwa 2025 RAM zimepanda kweli, kwa sababu vituo vya data vya akili unde vinazinunua kwa fujo. Micron, mmoja wa watengenezaji wakubwa watatu wa RAM duniani, ilitangaza Desemba kwamba inaacha kabisa kuwauzia watu wa kawaida kama sisi kupitia jina lake la Crucial, nguvu iende kwa hao wakubwa. Zamani tulikuwa tunawaambia wateja kompyuta ni kama nyanya, subiri itashuka. Mwaka huu mimi siwezi kumwambia mtu hivyo nikalala.

Halafu kuna bei nyingine ambayo hakuna anayeibashiri, nayo ndiyo inayokugusa wewe. Mwaka 2024 dola moja ilivuka shilingi 2,700, kisha kufikia Desemba ikashuka hadi karibu 2,400. Chukua kikokotoo. Dola 599 mara 2,700 ni 1,617,300. Mara 2,400 ni 1,437,600. Ni karibu laki moja na elfu themanini, na kiwandani hakuna aliyegusa bei. Juu yake weka kodi, usafiri, mzigo kupita Dubai, duka la Kariakoo, na winga anayetaka chake. Ndiyo maana 599 ya mdogo wako ni milioni mbili na hamsini ya winga. Hata wakipunguza dola hamsini kule, usitegemee kuziona zote zimefika Mwanjelwa.

Na siku toleo jipya linapotoka, mashine za kwanza kufika Dar ni chache, zinauzwa kwa wenye haraka. Nimeona hivyo kwa simu, nimeona kwa kompyuta. Msubiriaji anasubiri tangazo, halafu anasubiri mzigo ufike, halafu anasubiri bei itulie. Nawe ukidhani M4 ya zamani itatupwa kwa bei ya hasara, kumbuka M4 ilipotoka kampuni iliacha kuuza M2. Zinazobaki mitaani ni zile zilizokuwa stoo, na mwenye stoo si mtoto.

Lakini mpwa wangu, kuna jambo kwenye barua yako nililisoma mara mbili, na sioni kama nyinyi wawili mmelisoma. Saa kumi ile alfajiri, kilichowaliza ni nini? Mashine ilikuwa imefika tisini na saba! Ni nzee, ni ya mwaka 2013 huko kwa prosesa, inatembea kama lori la mbao linapanda Kitonga, ila ilikuwa inafika. Umeme ulikatika. Kompyuta ya mezani haina betri. M4 ingezima sekunde ileile, na hiyo M5 ikija itazima pia.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya kumaliza kusoma safu hii, ni UPS, betri ya akiba inayoshika kompyuta umeme ukikatika. Muulize muuzaji itashika dakika ngapi, kisha ijaribu hapohapo dukani: washa taa na kompyuta yoyote, chomoa ukutani, tazama saa. Betri za UPS zilizokaa stoo muda mrefu huwa zimekufa na kwa nje zinang'aa. Mini inakula umeme kidogo kuliko Dell yenu, kwa hiyo UPS ndogo itaibeba muda mrefu zaidi, lakini hata kwa Dell mtapata dakika za kusimamisha kazi na kuhifadhi kwa utulivu. La pili halina gharama. Mdogo wako aache kurenda harusi nzima kwa mkupuo. Kanisani peke yake, picha za bustanini peke yake, ukumbini peke yake, kisha aviunganishe vipande. Umeme ukimkuta ukumbini, kanisani kumeshapona.

Sasa ipi. Nilitaka nikupe haki yako kwa ile Dell ya Kabwe, maana ulichagua vizuri bila kujua umechagua vizuri. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane. Hiyo iko mlangoni kabisa, ila iko ndani. Kama siku moja utaitaka kwa ajili ya steshenari, fungua mipangilio, usome jina la prosesa mwenyewe: i5-8500 ni kizazi cha nane, i5-7500 ni cha saba, na wapo wanaouza cha saba kwa mdomo wa cha nane. Kwa barua, kopi na picha za paspoti ni mashine ya kutosha na itakubakishia hela nyingi.

Kwa 4K ya harusi nzima, hapana. Itafanya, ila itakuwa inahema, na baada ya miezi mitatu utaniandikia tena. Kazi inayosomesha wanao ndiyo ipewe mashine. Nunua M4, na uinunue wiki hii au ijayo, ili kijana apate siku za kuizoea kabla harusi ya kwanza haijaingia. Mnatoka kwenye prosesa ya 2013 kwenda ya 2024. Hiyo ni miaka kumi na moja kwa mruko mmoja, na nyinyi mnagombania mwaka mmoja wa mwisho. Kwa daftari lako: mkikosa harusi moja tu mnapoteza 450,000, na hakuna punguzo la uzinduzi ninaloliona litakalofika Mbeya likiwa na ukubwa huo. Kama ungeniambia hamna kazi hadi Juni na Dell haiwasumbui, ningekuambia kaeni na hela zenu. Hukuniambia hivyo. Una harusi tano na sendofu.

Milioni mbili na hamsini, lakini, haijamaliza safari, na hapa winga hatakuambia kitu. Ndani ya boksi la mini kuna mini na waya wa umeme. Hakuna kioo, hakuna kibodi, hakuna kipanya. Imeuzwa hivyo tangu 2005. Vya Dell yenu vitatumika, lakini geuzeni kioo mtazame mgongo: kama kina tundu la VGA peke yake, mtahitaji kigeuzi, kwa sababu mini inatoa HDMI. Zaidi ya hapo, M4 haina hata tundu moja la USB la kawaida, lile pana la flashi. Yote ni USB-C. Tundu la kadi ya kamera nalo halipo. Kwa hiyo habu ya USB-C yenye matundu mapana na sehemu ya kadi si anasa, bila hiyo mdogo wako hawezi hata kuingiza picha alizorekodi.

RAM ya mini haiongezwi baadaye, inakuja imeshikana na chipu. Ya 16 inawatosha kwa kazi mnayofanya. Diski ya 256 itajaa harusi ya pili, hilo nawaambia mapema, ila msimlipe mtu kwa ajili ya yenye 512: kiwandani kuruka kutoka 256 kwenda 512 ni dola mia mbili nzima. Diski ya nje ya SSD, ya kuchomeka USB-C, inafanya kazi hiyo vizuri, na kijana anahariri humohumo. Katika 350,000 itakayobaki, UPS iende kwanza, habu ya pili. Diski ya nje ikishindikana sasa ivute hadi advansi ya Pasaka; kwa wiki hizi chache atafute nafasi kwenye diski mliyonayo.

Dell ya zamani isiuzwe. Ibaki mbele ya pazia na printa yako. Wateja wako wengi, nadhani, wanaleta kadi na vipeperushi vya Publisher, na Publisher upande wa Mac haipo. Hata kwenye Windows, Microsoft wamesema wanaistaafisha Oktoba 2026, kwa hiyo anza taratibu kuhamisha kadi zako kwenye programu nyingine. Na kwa kuwa Windows 10 haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama, mashine inayopokea flashi za mtaa mzima isiwe ndiyo mnayotolea benki wala kuhifadhia harusi za watu. Upande wa kuhariri, DaVinci Resolve ina toleo la bure linaloendesha Mac na Windows vilevile. Kama ndiyo anayotumia, atafungua mini na kuendelea alipoachia. Kama anatumia programu ya kukopakopa, huu ndio wakati wa kuachana nayo.

Mdogo wako. Sijui kama umeona, lakini aliyeaibishwa na shangazi wa bibi harusi ni yeye, ingawa aliyesimama kaunta ulikuwa wewe. Kijana aliyelia saa kumi alfajiri anatafuta mashine ambayo haitamwaibisha tena, na ambayo haijatoka ndiyo pekee ambayo haijawahi kumwaibisha mtu. Laki ile aliituma kwa hofu hiyo. Usimfokee mbele ya Mama, na laki usiifanye wimbo. Mkae wawili, mfungue daftari lako, mwandike tarehe za kazi sita hizo na siku ambazo kila moja inahitaji ya kuhariri. Halafu muulize aiandike tarehe ya M5 hapo katikati. Akaiweke mwenyewe.

Akikuambia kwamba siku mbili baada ya kununua mpya itatangazwa na mtachekwa, inawezekana kabisa. Mini yenu itarenda kwa kasi ileile ya jana yake. Mimi nimepigiwa picha harusi nyingi, sijawahi kumsikia bwana harusi anauliza chipu. Anauliza "lini?"

Dada wa Tabata aende Kariakoo mchana, si jioni watu wanapofunga. Asitume hela kabla ya kufika. Boksi lifunguliwe mbele yake, mini ichomekwe kwenye kioo cha duka na iwashwe. Ikiwa mpya itamwomba achague lugha na nchi. Ikiomba akaunti ya mtu asiyemjua, aifunge arudishe. Ikiwaka, afungue sehemu ya kuhusu kompyuta, asome M4 na GB 16 kwa macho yake, kisha namba ya mashine ailinganishe na ya boksi na kuiingiza kwenye ukurasa wa kampuni wa kukagua dhamana. Kitufe cha kuwasha asikitafute juu wala nyuma, kiko chini kwenye kona. Wapo waliodhani wameuziwa mbovu. Risiti ya EFD aidai kabla hela haijahama mkono. Winga akinuna, kuna mawinga wengine.

Na isiwekwe kwenye buti chini ya mizigo ya wafanyabiashara. Mpeni mtu anayesafiri aipakate, ni ndogo, inakaa kwenye begi la mgongoni pamoja na chapati zake. Mkinitumia meseji siku hiyo, basi likipita Ipogolo nitatoka barabarani niipungie.

Mjomba wako, Iringa